Kocha Aliyeogopa Kumkalisha Mama Yake

Kambi Gona alipokuwa na miaka kumi na minne aligonga kichwa kwenye boriti ya mlango wa mama yake mara tatu kwa siku moja, na mama yake, Bi Kanze, badala ya kumpa pole alimuuliza anakwenda wapi na urefu wote ule. Swali lilikuwa la haki. Pale Gede mtu mrefu alikuwa na kazi mbili tu: kuangua maembe bila kingoe na kubadilisha balbu za majirani. Kambi alizifanya zote mbili bila malipo mpaka alipoingia sekondari Kilifi, ambako mwalimu wa hesabu aliyeitwa Musyoka alimtazama mara moja akamwambia aache kutembea ameinama.

"Mpira ule pale, na kikapu kile pale," akamwambia. "Mungu keshakupunguzia safari."

Basi Kambi akacheza mpira wa kikapu miaka kumi na minane. Alianza na timu ya Mombasa iliyomlipa nauli na chai, akapanda hadi klabu ya Nairobi iliyomlipa mshahara, kisha Waganda wakamchukua Kampala na kumpa nyumba yenye kitanda kifupi. Mama yake, anayeuza mahamri stejini Gede, pale magari yanapopakia abiria, tangu enzi na enzi, hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kulipwa kwa kucheza. Akiulizwa na wateja mwanawe anafanya kazi gani, alisema yuko Uganda, ofisini, na kugeuza mahamri kwa haraka.

Alirudi akiwa na miaka thelathini na sita, mifuko miwili ya viatu ambavyo hakuna mwanadamu wa Gede angeweza kuvirithi, na goti linalolia kama mlango wa jikoni. Alirudi pia na donge moyoni. Msimu wake wa mwisho kule Kampala, kocha alimkalisha benchi mechi kumi na moja mfululizo bila kumwambia hata neno moja. Kambi alikaa na taulo shingoni, akasubiri kuitwa, na hakuitwa. Aliumia sana. Siku ya kufunga msimu aliondoka bila kumpa kocha yule mkono, na tangu hapo neno benchi likitajwa hukunja uso, hata likiwa benchi la kanisani.

Shule ya wasichana iliyo nje kidogo ya Gede ilikuwa na uwanja wa saruji, vikapu viwili visivyo na nyavu, na timu isiyo na kocha. Bi Janet, mwalimu mkuu, alimpa Kambi muhula mmoja wa majaribio. Timu ikifika mashindano ya mkoa, ajira itaendelea. Isipofika, mahali pa kuangua maembe anapajua. Kambi alikubali kabla hajamaliza kuambiwa, kwa sababu hakuna kitu kingine duniani alichojua kukifanya, na jambo hilo lilikuwa likimkosesha raha kuliko goti.

Alikuwa kocha wa ajabu kidogo mwanzoni. Alipuliza kipenga, akaeleza zoezi, kisha akashindwa kujizuia, akaingia uwanjani na kuwafungia watoto wa kidato cha pili vikapu tisa. Alipoona wanamtazama kwa huruma, akatoka. Wasichana walimpenda. Aliwafokea kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo, na wao wakamtii, wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mama yake.

Nieleze. Kalama, kaka yake Kambi, alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yao, kama Wagiriama wafanyavyo. Binti akawa Kanze, somo wa bibi yake, na kwa hivyo akawa mama wa baba yake na wa ndugu wote wa baba yake. Kambi alipokuja likizo alimkuta mtoto wa miaka mitatu, pua inamtoka, akamsalimu, "Mama, hujambo?" Akimletea mama mzazi leso, na mama mtoto aliletewa yake, kipande kidogo cha kujifungia mwanasesere. Mtoto naye alikijua cheo chake mapema. "Mwanangu, ninunulie soda," alikuwa akisema, na lijitu lile linakwenda dukani mbio. Watu walicheka, kwa kuwa ni utani mzuri. Hakuna aliyejua kwamba mama yule angefika miaka kumi na saba na kuwa mchezaji bora wa timu.

Sasa mtu atamfokeaje mama yake? Wengine Kambi aliwaambia, "Rudi nyuma! Rudi! Umelala?" Akifika kwa Kanze sauti ilishuka yenyewe. "Mama, ukipata nafasi, hebu rudi nyuma kidogo."

"Nimekusikia, mwanangu," Kanze alijibu, na hakurudi.

Sheikha, binti wa mfanyabiashara wa Malindi na mchezaji wa akiba wa kudumu, alisema mbele ya wote kwamba angejua mambo ni hivyo, angewaomba wazazi wake wamwite Kanze.

Kana kwamba hilo halikutosha, mama mwenyewe, yule wa mahamri, alikuja kila mechi na kiti chake cha plastiki, akakiweka nyuma ya benchi la timu. Siku moja Kambi alijisahau akapaza sauti, "Kanze, acha uchoyo, toa pasi!" Kutoka nyuma yake ikasikika sauti kali kuliko kipenga.

"Kambi! Wanifokea mbele za watu?"

Kambi akaomba radhi, mchezo ukiendelea.

Mechi ya kwanza ya kaunti walicheza na timu kutoka Mariakani. Kanze alichoka mapema, na mchezaji aliyechoka hucheza kwa mikono badala ya miguu. Akapata faulo ya tatu, akapata ya nne. Hata mwuza maji aliona kwamba huyu akalishwe apumzike kabla hajapata ya tano, ambayo ni kwaheri. Kambi aliinuka mara mbili kuomba mabadiliko. Mara zote mbili aligeuka, akamwona mama yake amekunja mikono, akaketi. Faulo ya tano ikaja. Refa, ambaye hakuzaliwa na Kanze yeyote, alimtoa bila tabu, na bila yeye timu ikafungwa kwa pointi kumi na mbili.

Jumatatu Bi Janet alimwita ofisini.

"Mwalimu Kambi, nilikuajiri uwe kocha, si mtoto. Jumamosi mnacheza na Marereni. Mkishindwa, hakuna mkoa, nasi tutaagana."

Jumamosi hiyo mama yake alipokuwa akipanga kiti chake, Kambi alijaribu kumtayarisha, maana kumtoa Kanze mmoja ni kumtoa na mwingine. "Mama, leo huenda nikakukalisha kidogo."

"Nikalishe uone," akajibu.

Wasichana wa Marereni walikuwa na mbio. Robo ya tatu ilipomalizika, timu ya Kambi ilikuwa mbele kwa pointi nne, na Kanze alikuwa na faulo nne, anapumua kwa mdomo, mikono imeshika magoti. Kambi alisimama. Hakuwa akiogopa ulimi wa mama yake tu. Alikuwa akiona zile mechi kumi na moja, na alikuwa karibu kumfanyia mtu anayempenda jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulisamehe.

"Kanze, toka. Sheikha, ingia."

Hakusema mama. Wachezaji wote waligeuka. Kanze alitembea polepole hadi benchi, macho yamejaa maji.

"Mwanangu, wanitoa mimi?"

Kambi alipiga goti bovu chini mbele yake, likalia mpaka refa akageuka. "Nisikilize. Una faulo nne na miguu imekwisha. Nakuhitaji dakika tatu za mwisho, na ukizicheza sasa, sitazipata baadaye. Sijakutupa. Unapumzika tu. Shika maji, unywe."

Nyuma yao kiti cha plastiki kilikwaruza saruji. Bi Kanze alikuwa amesimama, kiti mkononi, na wote walidhani anaondoka kwa hasira. Alizunguka benchi, akakiweka kiti kando ya mjukuu wake, akaketi, akatazama mbele. Refa alifungua kinywa kumwambia wazazi hawaruhusiwi pale. Alipomtazama vizuri usoni, alikifunga.

Sheikha alitupa mpira nje mara mbili, kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akafunga. Lakini Marereni walikuja juu, wakasawazisha, wakapita kwa pointi tatu. Kambi alitafuna kamba ya kipenga mpaka ikakatika. Zikabaki dakika tatu.

"Sasa," akamwambia Kanze.

Aliingia akiwa mpya. Alipokonya, akakimbia, akatoa pasi ambazo hakuwahi kuzitoa tangu azaliwe, na alipoambiwa arudi nyuma, akarudi. Walishinda kwa pointi moja. Bi Janet alipiga makofi kwa adabu, kisha akasahau adabu.

Watu walipokuwa wakirukaruka uwanjani, Kambi aliona mama yake bado ameketi pale pale. Akamwendea kwa woga, mtu wa futi sita na inchi saba.

"Mama, nisamehe. Nimekutoa mbele za watu."

"Nilikuja nikiwa tayari kukutusi," akasema Bi Kanze. "Kisha nikakusikia ukimwambia vile." "Nimeamka alfajiri kukanda unga miaka arubaini. Nimelima. Nimewazaa nyinyi. Baba yenu tulimzika Jumanne, Alhamisi nilikuwa stejini na karai langu. Hebu niambie, ni nani aliyewahi kuniambia, Kanze, miguu yako imekwisha, keti unywe maji?"

Kambi alifikiri. Hakumpata hata mmoja, na yeye mwenyewe hakuwemo. Aliona aibu, akashindwa kuificha.

"Ndiyo maana nikaja kuketi naye," mama akasema. "Nami nimetolewa."

Kambi alimnyooshea mkono amwinue waende nyumbani. Bi Kanze aliutazama mkono ule, akavua viatu, akanyoosha miguu yake mbele.

"Usinirudishe bado," akasema.