Nililisoma Jina, Faili Sikulifungua

Ipo siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, na leo umenikumbusha mwenyewe. Umenijia na simu mkononi, ukanionyesha jina la yule bwana anayetaka kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na pembeni ya jina pameandikwa kwamba ana kesi ya madai katika mahakama ya kaunti. Ukasema, "Baba, ona. Niwatumie wenzangu kwenye kundi?" Ndiyo maana nimekwambia uweke simu mezani, umimine chai, ukae. Na usiniangalie kwa jicho hilo la mzee-ameanza-hadithi-zake. Hii ni fupi, na mjinga ndani yake ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Minneapolis. Nilikuwa kijana mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea shahada ya pili, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Nilikaa kitongoji cha Saint Louis Park, kwenye fleti ya vyumba viwili, pamoja na dada yangu Saumu, shangazi yako. Mumewe Hemedi unamjua. Ndiye aliyekufundisha kuendesha gari na hakukupigia kelele hata siku moja. Usichokijua ni kwamba alibakiza kidogo sana kumkosa shangazi yako, na sababu nilikuwa mimi, baba yako mzazi.

Hemedi alikuwa kijana wa Pangani, anafanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Alipotaka kumwoa Saumu alifuata njia: wajomba zake walipeleka posa kwa babu yako, Tanga. Babu yako alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kalamu nyekundu, na alifanya kama wazee wote wanavyofanya. Hakukataa, hakukubali. Aliwaambia wajomba wasubiri, kisha akaniandikia mimi: "Wewe uko huko, mimi siko. Mchunguze huyo kijana, uniandikie ulichokiona."

Kwetu, mwanangu, kumchunguza mchumba ni kazi ya miguu na masikio. Unakwenda kwa jirani yake, unakaa, unazungumza mambo mengine kabisa, mvua na bei ya sukari, mpaka mwenyewe akuambie. Unawauliza anaoswali nao, anaofanya nao kazi. Mimi nikajiona hayo ni mambo ya kizamani. Niko Marekani, msomi, nitahangaika na majirani kwa nini wakati serikali imeandika kila kitu? Tena nikuambie ukweli wote, maana leo sifichi: sikumpenda Hemedi. Niliona mpakia mizigo hamfai dada yangu. Nilikwenda kutafuta sababu, na anayetafuta sababu haachi kuipata.

Nikapanda basi asubuhi mpaka mjini, nikaingia lile jengo la kaunti lenye minara miwili, nikaulizia ofisi ya kumbukumbu za kesi za madai. Sikuamini ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nataka nini. Kulikuwa na kompyuta za wananchi, skrini nyeusi na herufi za kijani, unaandika jina la ukoo kisha jina la kwanza. Nikaandika, nikasubiri. Lo! Likatokea. Jina la Hemedi, jina la kampuni moja ya nyumba za kupangisha, na aina ya kesi: upangaji.

Moyo ulinidunda kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilijua kwamba Hemedi alikuwa anakaa kitongoji cha New Hope, na majira ya kuchipua alihamia Richfield bila kumwambia mtu sababu. Basi nikaunganisha mwenyewe: amefukuzwa nyumba, ameshitakiwa, amehama kwa aibu. Ingekuwaje tena? Kwetu mpangaji na mwenye nyumba wakifika mahakamani, wote tunajua nani amemburuta nani.

Karani wa kaunta, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, aliniuliza kwa upole kama ningependa aniletee faili lenyewe nilisome. Nikamjibu, "Hapana, asante, nimeshaona." Ningeweza kukaa dakika kumi tu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kununua stempu.

Nilimwandikia babu yako ukurasa mmoja. Nakumbuka kila neno. "Baba, kijana huyu alifukuzwa kwenye nyumba na akafikishwa mahakamani. Nimeona kwa macho yangu." Nikaitia barua posta jioni ile ile. Saumu sikumwambia kitu.

Ilipita kama wiki mbili. Jumapili moja tulikuwa Richfield, nyumbani kwa Mama Nyambura. Huyu hukumkuta, na pole kwa hilo. Alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, lakini kabla ya kuja huku alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini, kazi yake masjala, mambo ya mafaili. Nyumba yake ilikuwa haiishi watu: Wakenya, Watanzania, Wakristo, Waislamu, wote kwenye mandazi yake. Wengine walipokuwa sebuleni, mimi nikamsogelea jikoni kujigamba. Nikamnong'oneza jinsi nilivyomfichua Hemedi.

Aliendelea kukaanga. Hakugeuka. "Enhe," akasema. "Nambari ya kesi ni ngapi?"

Sikuiandika, nikamwambia.

"Nani alimshtaki nani?"

Nikasema, si mwenye nyumba ndiye aliyemshtaki!

"Nimekuuliza ulichosoma, sikukuuliza unachofikiria. Iliisha aje hiyo kesi?"

Nikajisogezea sahani ya mandazi. Hapo ndipo alipogeuka, na ule mwiko mkononi nikadhani nitapigwa nao. "Kijana wangu, wewe ulienda kortini ukasoma rejista ya majina kama mwalimu wa darasa la kwanza, halafu ukaandikia mzazi ati umeona! Umeona nini? Mimi nimeshika mafaili miaka ishirini. Jina kwa orodha linaweza kuwa la mwizi, na linaweza kuwa la aliyeibiwa. Yote yameandikwa kwa wino ule ule." Akazima jiko. "Jumanne nikitoka kazini nitakupitia. Na usikule mandazi yangu mpaka siku hiyo."

Alisema kweli, wallahi, sahani alininyang'anya.

Jumanne alinipitia asubuhi na kigari chake kibovu, bado amevaa viatu vyeupe vya kazi, hajalala. Tukiwa njiani akaniuliza kama nilikuwa na hakika kesi ni ya kaunti ile ya Minneapolis na si ya Saint Paul, maana hizo ni kaunti mbili na kila moja ina mahakama yake na mafaili yake. New Hope iko upande wa Minneapolis, basi tulikuwa sawa, kwa bahati tu. Ofisini alinikalisha kwenye kompyuta na yeye akasimama nyuma yangu. Nikaandika jina tena. Safari hii akaniambia nifungue ukurasa wa pili, ambao mimi wala sikujua kama upo. Ulikuwa na jina la katikati na anwani ya New Hope. "Sasa ndiyo tunajua ni yeye," akasema. "Siku ile ulijuaje?" Nikanakili nambari ya kesi, nikajaza kikaratasi cha kuomba faili, nikampa yule yule karani mwenye miwani. Alinikumbuka. Aliniletea faili, akatuonyesha meza mbele yake, akasema tusome hapo hapo.

Halikuwa nene, kurasa kama thelathini.

Hemedi hakuwa ameshitakiwa. Hemedi ndiye aliyeshitaki. Yeye, kwa niaba ya wapangaji wa jengo zima, alikuwa amempeleka mahakamani mwenye nyumba kwa sababu mtambo wa kupasha joto ulikufa mwezi wa Januari na hakuna aliyekuja kuutengeneza. Unaijua Januari ya hapa, wewe umezaliwa nayo. Mle ndani mlikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, siku kumi na moja, asubuhi na jioni, amepima joto kwenye fleti mbalimbali. Fleti namba nne, mama na mtoto mchanga: hewa ya mle chumbani ilikuwa na baridi ya jokofu. Fleti namba tisa, mzee anayetembea kwa kigari cha kujishikilia, analala na koti. Wapangaji walikuwa wengi, lakini wengi waliogopa kutia sahihi, wengine hawana karatasi za kuishi nchini. Ukurasa ule wa sahihi ulikuwa na jina moja tu juu kabisa, na chini yake nafasi tupu, kisha majina mawili matatu yaliyokuja baadaye.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa amri ya jaji: mtambo utengenezwe mara moja. Ulitengenezwa. Naye Hemedi alihama miezi mitatu baadaye kwa sababu Richfield ni karibu na uwanja wa ndege, basi, hakuna siri.

Sikujua uso niuweke wapi. Nilikaa pale na faili mbele yangu, na nilichokuwa nakiona ni ile barua yangu iko hewani inakwenda Tanga. Mama Nyambura hakunisema tena. Alinipa kitambaa cha kufutia machozi, kisha akaniambia niombe nakala yenye muhuri. "Ya kawaida inatosha kusoma wewe," akasema, "lakini hii inaenda kwa mtu ambaye ameshaambiwa uongo." Nikalipia, karani akapiga muhuri kila mahali panapostahili.

Nilipiga simu Tanga, dukani kwa jirani, nikamwomba mwenye duka amwite babu yako. Alipoishika tu akasema, "Barua yako imefika. Wajomba wa yule kijana nimewarudishia posa yao jana." Jana, mwanangu! Nikamwambia, baba, nilikosea, naleta karatasi. Akasema, "Lete," akakata simu.

Lakini kabla ya posta palikuwa na jambo gumu zaidi. Nilimwita Hemedi nyumbani, nikamkalisha na dada yangu, nikawaambia yote. Saumu alilia, akaingia chumbani, akafunga mlango, na hakusema nami siku nyingi. Nilikuwa nakuta chakula kimefunikwa mezani, yeye hayupo. Hemedi alikaa. Aliishika ile nakala, akaifungua pale penye fleti namba nne, akatabasamu kidogo. Kisha akasema maneno ambayo ningefurahi kama angenitukana badala yake. "Kaka, mimi nakaa Richfield. Mabasi mawili tu, unabadilisha mara moja. Ungekuja ukaniuliza, ningekupikia na chai."

Posa ilipelekwa mara ya pili, na babu yako akaipokea. Mengine unayajua, binamu zako watatu wapo.

Babu yako hakuwahi kunitajia habari ile tena, nami nikadhani imeisha. Alipofariki nilikwenda Tanga, na baada ya arobaini tukafungua sanduku lake la karatasi. Mlikuwa na hati ya ndoa ya shangazi yako. Chini ya hati ile mlikuwa na nakala ya mahakama, ile yenye muhuri, na nyuma yake imebanwa kwa pini moja barua yangu ya kwanza. Ile ya uongo. Hakuichoma wala hakuichana. Alikuwa ameisahihisha kama daftari la mwanafunzi: chini ya "nimeona kwa macho yangu" amepiga mstari mwekundu, na juu kabisa ameandika, Zisomwe pamoja.

Ninayo mpaka leo. Nenda kaitazame, iko kwenye droo ya kitanda changu.

Basi nasaha yangu ni hii, nayo naitoa kwa aliyeumia nayo. Mambo ya mahakama yamewekwa wazi ili watu wayasome, si ili watu washtuane. Ukiliona jina, hujaona kitu bado. Hakikisha kaunti, hakikisha ni mtu yule yule kwa jina la kati na anwani na umri. Andika nambari. Kisha inuka, mwanangu, nenda kaunta, omba faili lenyewe, ulisome na ukurasa wa mwisho, ujue nani alimlalamikia nani na iliisha vipi. Siku hizi mengine yako kwenye simu, lakini si yote, na simu haikuulizi kama ungependa kuletewa faili. Ukitaka kumpelekea mtu mwingine habari, peleka na nakala yenye muhuri. Na kabla ya hayo yote muulize mwenye jina. Huenda akakupikia chai.

Yule bwana wa jumuiya nimeshaandika nambari ya kesi yake hapa nyuma ya bahasha. Kesho asubuhi nitakusindikiza mjini, twende tukasome, kisha tupite kwake.

Mungu akupe macho ya kusoma mpaka mwisho, na mkono mzito wa kutuma. Na siku jina lako wewe litakapokuwa kwenye orodha ya watu, maana litakuwa, Mungu akujaalie mtu mmoja mwenye subira wa kulifungua faili lako. Amina. Haya, chai inapoa.