Siku Nilipomwamkia Mama Mkwe Nikiwa Nimetazama Ukuta

Kuna watu pale Igoma wakipita kibandani kwangu hawanisalimii kwa jina, wananiuliza tu, "Fundi, leo suruali imekaza?" halafu wanacheka mpaka wanashika magoti, na mimi nacheka nao maana nikinuna ndiyo wanaongeza. Aibu ile ninayo mpaka leo. Basi acha niisimulie mwenyewe, kwa sababu wao wanavyoisimulia wameshatia na mbwa ndani (mbwa hakuwepo jamani, nasema kweli, siku ile hapakuwa na mbwa).

Mimi natengeneza vyerehani, pampu, na bunduki za upepo za zamani, zile za springi. Unakunja mtutu, springi inajibana ndani, ukifyatua inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kirisasi, tap! njiwa wa watu kashtuka. Nyingi zimelala juu ya makabati tangu enzi za mababu, na ugonjwa wake karibu wote ni mmoja, ile ngozi ya kwenye kichwa cha pistoni imekauka, hewa inavuja, kirisasi kinadondoka hapo hapo miguuni kwako. (Na kabla hamjaanza maneno, bunduki hii ninayoisimulia ina kibali chake.)

Sasa wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Kabula, Butimba. Baba yake, mwalimu mstaafu, alishakubali. Alibaki mama, na katika nyumba ile mama ndiye mwenye neno la mwisho, hata Mwalimu mwenyewe analijua hilo. Mama alikuwa Ukerewe anamuuguza dada yake, hajawahi kuniona hata kwenye picha. Mshenga wangu, mjomba Masanja, akanionya mapema: "Usikanyage pale mpaka mama arudi atoe jibu. Mchumba anayezungukazunguka ukweni anaonekana kama anafuata chakula."

Nikasema sawa mjomba, nimekuelewa. Na kweli nilimwelewa, ila Mwalimu akanipigia simu kwamba bunduki ya marehemu baba yake, ile aliyofukuzia ndege kwenye mpunga akiwa mdogo, imegoma, niende nikaitazame. Nikajiambia siendi kama mchumba, naenda kama fundi. Mnaona mtu anavyoweza kujidanganya akiwa na akili zake timamu?

Nikaifungua sebuleni kwake juu ya gunia. Ngozi imekuwa kama ganda la muhogo lililoanikwa. Hapo fundi mwenye akili anafunga kila kitu ndani ya gunia lake anarudi Igoma kwenye vaisi yake ya kubania vyuma na ngozi zake. Lakini Mwalimu akasema, taratibu kabisa, "Mama Kabula anarudi leo jioni. Ningefurahi sana aikute inalia." Kichwa kikanivimba. Ngozi sina? Nikavua mkanda wangu, ngozi halisi ya ng'ombe, nikaukata katikati, pale penye unene mzuri, nikapata kipande cha pistoni na mkanda ukabaki vipande viwili. Mwalimu akashika kidevu. "Mwanangu, huko ni kujitoa!" Nikavimba zaidi. (Suruali yenyewe ilikuwa ya mtumba, kiuno cha mtu mwingine kabisa, na bila mkanda mimi na yeye hatujuani.)

Ngozi nikailoweka kwenye mafuta ya moto, ikalainika, ikakaa kwenye pistoni vizuri mno. Ikabaki kufunga. Na kufunga ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu springi ni ndefu kuliko bomba lake, inabidi uisukume kwa kizibo cha nyuma mpaka matundu ya kizibo na ya bomba yalingane, mtu apitishe pini, na ukiiachia kabla ya pini, kizibo kinaruka, hakichagui wa kumpiga. Kibandani vaisi ndiyo inashika. Pale Butimba nikaegemeza kizibo ukutani, kando ya mlango wa mbele, mtutu nikauwekea kanga iliyokunjwa tumboni, nikasukuma kwa tumbo na mikono yote miwili mpaka kikaingia.

"Mwalimu, pini!"

Mwalimu akainama, akachungulia, akasema, "Tundu silioni. Ngoja nikachukue miwani." Akaenda zake chumbani.

Nikabaki na ukuta. Mara mlango ukafunguliwa bila hata hodi, na kwa nini upigwe hodi, mwenye nyumba ndiye huyo anaingia! Mama Kabula, na wifi yake nyuma amebeba kapu la samaki wakavu. Sijui jioni iliharakia wapi siku ile.

Sasa jamani, kwetu sisi Wasukuma mama mkwe ni mtu unayempisha, unasogea kando, unainamisha macho, na mgongo humpi hata iweje. Mimi nimempa mgongo wote. Na nikigeuka, bunduki inageuka na mimi, kizibo kinaelekea mlangoni, na mlangoni amesimama yeye. Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mama akauliza, "Unamwamkia nani, kijana? Mimi au ukuta?"

"Wewe mama. Samahani mama. Naomba usogee kidogo, mama."

"Nisogee? Mlangoni kwangu?" Hakusogea hata kidogo, akaweka mikono kiunoni (sikumwona, ila nilisikia bangili).

Hapo ndipo suruali ilipoanza safari. Nilibana tumbo ili niikamate, lakini nikibana tumbo springi inanirudisha, nikitoa tumbo suruali inashuka, yaani kila nikiokoa kimoja kingine kinaondoka. Nikabana magoti. Ikapita kiunoni polepole, kwa heshima zake, halafu ikaanguka yote kwa mara moja hadi kwenye viatu, nikabaki na bukta ya mpira niliyoichezea tangu shule, yenye kiraka nyuma.

"Mayo!" shangazi wa Kabula akapiga kelele. "Wifi, usitazame!" Yeye mwenyewe anatazama.

"Baba Kabula!" mama akaita kwa sauti ya kutikisa bati. "Umemwingiza nani humu ndani?"

Na Mwalimu, kutoka chumbani, bila wasiwasi wowote: "Si ndiye mkwe wako huyo! Nakuja, natafuta miwani!"

Kabula akatokea jikoni, akaniona, akarudi jikoni. Laiti ardhi ingepasuka! Mikono yangu ilikuwa inaomba ruhusa ya kuokota suruali na mimi nainyima. Mwalimu akaja na miwani, akapitisha pini, ikagoma, akaigeuza, akaifuta, anaimba pambio puani, mpaka mwisho ikaingia. Nikaivuta suruali, nikaishika kwa ngumi, nikatokea mlango wa nyuma, sikuaga mtu. Nilijua Kabula nimeshamkosa, na niliumia, sifichi.

Jioni hiyo hiyo mjomba Masanja akanipigia. Kwanza akanitukana mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akasema mama alishatamka kwamba mtu asiyeweza kugeuka akaamkia watu, binti yake hampi. Mwalimu hakubishana. Alisema, "Hili nitakufundisha kwa vitendo," akawasogeza wanawake pembeni, akaelekeza ile bunduki mlangoni, akachomoa pini. Kizibo na springi vikatoka kwa kishindo, vikatoboa ubao wa mlango, kimo cha kifua cha mtu.

Mama akalitazama lile tundu muda mrefu, akakaa.

"Alikuwa anajua itafanya hivi?"

"Ndiyo kazi yake," Mwalimu akajibu.

"Na suruali inashuka, akaacha ishuke."

"Akaacha."

Mama akasema, "Mwambieni mjomba wake aje achukue jibu."

Tumeoana mimi na Kabula. Na nimeapa, kazi ya springi naifanyia kwenye vaisi, kibandani, hata anipigie simu nani, na mkanda wangu haukatwi kwa sababu ya sifa. Fundi mwenzangu, ukiona mteja anakusifia kabla kazi haijaisha, funga vifaa vyako uondoke.

Siku hizi tukienda Butimba, mama mkwe akirudi sokoni haingii moja kwa moja. Nyumba ni yake, mlango ni wake, lakini anasimama nje na kuuliza, "Mkwe, umeshika kitu?" Nami nainuka, nasogea kando, nainamisha macho: "Hapana mama, ingia."