Mtama Mchungu wa Mama

Kaka yangu alipofika kwetu Merikit, upande wa Uganda, na mfuko wa mbegu nyeupe, alitembea kama mtu aliyetuletea mvua. Anauza mitumba Busia, upande wa Kenya, na tangu avuke mpaka hajashika jembe. Lakini kwa kutufundisha kilimo, humwezi.

"Sista, huu mtama mwekundu ni wa kizamani," aliniambia. "Ni mchungu halafu unachelewa. Panda hii. Itaiva haraka, tumalize matanga ya mathe na pombe safi."

Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumbani kwetu, pombe ya kumalizia matanga ya mama haipikwi kwa nafaka ya dukani. Lazima itokane na shamba lake mwenyewe. Mimi ndiye binti niliyebaki, hivyo shamba lilikuwa mikononi mwangu, na aibu pia ingekuwa yangu kama wajomba wangetoka Nabuyoga wakute chungu kitupu.

Mbegu ya mama ilikuwepo. Ilining'inia ndani ya kibuyu juu ya meko, imekauka kwa moshi kama alivyoiacha. Lakini nilimsikiliza kaka: nikapanda yake, hii nikaishusha, nikaisaga, tukanywa uji. Hata leo nikikumbuka uji ule nataka kujizaba kofi.

Mtama mweupe ulistawi, siwezi kuusingizia. Uliupita wa majirani wote, na mimi nikawa natembea kando ya shamba nikijiona mkulima. Kisha punje zikaanza kujaa maziwa, na kweleakwelea wakaja. Ukimwona mmoja utamhurumia: kidege cha kutoshea kiganjani, mdomo mwekundu. Ila hawaji mmoja mmoja. Wanashuka kundi zima, suke linainama kwa uzito wao, na wakiruka umebaki na makapi.

Nilipiga madebe. Nilitandaza kanda za kaseti kuukuu zilie kwa upepo. Nilisimika sanamu ya kuwatisha, nikaivalisha koti la mitumba la kaka, na siku ya tatu ndege walikuwa wanapumzika mabegani mwake. Nilifunga masuke kwa majani mpaka vidole vikachubuka. Kuanzia alfajiri hadi jua kuzama nilipiga kelele, sauti ikakauka, na Jumapili kanisani sikuweza kuimba.

Nikampigia kaka simu. "Si uwafukuze tu?" akasema. Nikamwambia aje tufukuze pamoja. Akajibu kwamba soko limechangamka.

Afisa wa kilimo naye alikuja kwa pikipiki, akapiga picha masuke matupu. Alisema ndege za kunyunyizia dawa haziletwi kwa kishamba kama hiki, na kwamba ninapaswa kupanda siku moja na majirani, mbegu inayoiva pamoja na yao, ili ndege wasipate shamba moja la kuvamia. Ushauri mzuri kabisa. Kama ungenifikia kabla ya kupanda, ningemchinjia kuku.

Kilichonichoma zaidi ni shamba la jirani yangu, mama mzee aliyekuwa rafiki wa mama. Mtama wake mwekundu ulikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Ndege walitua pale, wakadonoa mara moja mbili, uchungu ukawashinda, wakarudi kwangu kwenye utamu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilifunzwa vizuri, nikakataa, sasa nafunzwa na ndege!

Nilivuna kikapu kimoja, nusu yake makapi. Nikaenda kwa yule jirani kumwambia matanga hayatafanyika. Alinisikiliza akiwa anapepeta, kisha akaniuliza, "Mtoto yangu, mbegu ya mama yako ulipeleka wapi?"

Nikamweleza habari za uji. Alisonya, na alikuwa na haki.

"Wewe nasikiliza mtu ya soko, naacha mama yako," alisema. "Huyu mtama yangu unafikiri ilitoka wapi? Mwaka ile ya njaa mama yako alinipa mbegu, kibuyu mzima. Hii ni ya shamba yake. Kuja na gunia."

Tulikausha nafaka ile, tukaotesha kimea, tukapika. Siku ya matanga katekista aliomba, wajomba wakakaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kaka alikuja na viatu vya kung'aa. Alivuta mara moja, akafumba macho kwa raha, akawageukia wajomba.

"Mnaona? Mimi niliwaambia mbegu yangu ni kali."

Damu ilinichemka. Nilimchomoa mrija mdomoni mbele ya watu wote.

"Mbegu yako imeliwa na ndege," nikasema. "Hii ni ya mama. Ni ule mchungu ulioukataa."

Nikampa yule mama jirani mrija, naye akaupokea, akanywa taratibu bila kumtazama kaka.

Jioni kaka aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia mrija wake ninao. Nimeuchomeka juu ya meko, kando ya kibuyu nilichokijaza tena mbegu nyekundu. Siku atakapokuja wakati wa kupalilia, na jembe lake mkononi, nitamrudishia.