Nedra Alipofukiwa

Ukitaka kumjua Nedra Stoddart usimuulize mwenyewe. Atakwambia amezaliwa hapa hapa Bonde la Sorrel, ana miaka hamsini na nane, kisha atakuuliza umekuja kupiga soga au kupanda pikipiki. Niulize mimi, Orrin Beck. Misimu kumi na tisa ya baridi nimekuwa nyuma ya msafara wake: yeye anaongoza, wageni katikati, mimi mkiani nawanasua waliokwama. Mgongo wake naujua kuliko nilivyoujua uso wa mke wangu, ambaye hata hivyo alinikimbia zamani.

Kiangazi Nedra anakata majani ya ng'ombe kama watu wengine wa Wyoming. Theluji ikishuka, anawachukua watu wa mijini na kuwapandisha kwa pikipiki za theluji hadi mabonde ya juu, kule ambako gari halijawahi kufika. Wageni humwogopa siku ya kwanza na kumpenda siku ya pili. Asubuhi, kabla hajawasha injini, anawapitisha mmoja mmoja mbele yake akihakiki kifaa cha kifuani. Hicho ndicho roho ya mtu huku kwetu. Kutwa nzima kinatuma ishara. Poromoko la theluji likimfukia mtu, waliobaki wote wanageuza vyao, viache kutuma vianze kutafuta, na namba kwenye kioo zinakuonyesha umebakiza mita ngapi kumfikia. Aliyefukiwa ana dakika kumi, kumi na tano akijaliwa. Baada ya hapo unachimbua maiti. Sikutishi, ndivyo ilivyo.

Siku ile ya Februari tulikuwa na wageni wanne: daktari wa meno mmoja kutoka Omaha aitwaye Bi. Kowal, mumewe, na marafiki zao wawili waliokuwa wakicheka kila kitu. Tulivuka chini ya mteremko mkubwa saa tatu asubuhi, theluji ikiwa imeshikana vizuri. Saa sita tukala kule juu. Nedra alikuwa amefunga maharage na nyama ndani ya mikate myembamba, akaiviringisha kwenye karatasi ya bati na kuipachika kwenye bomba la moshi la pikipiki yake, kwa hiyo ilitoka ya moto.

"Ina ladha ya injini," mume wa daktari akasema.

"Hiyo ni bure," Nedra akamjibu. "Nyama ndiyo umelipia."

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naangalia juu. Upepo ulikuwa umeanza, na kwenye ukingo wa mlima theluji ilikuwa ikipeperuka na kutua upande wetu, yote juu ya ule mteremko tuliopaswa kuupita kurudi nyumbani. Nedra naye alikuwa anaangalia. Alikunja ile karatasi ya bati, akaitia mfukoni, akasema, "Soga zimekwisha. Vaeni."

Tulipofika kwenye miti ya mwisho kabla ya mteremko, Nedra akazima injini. Akashuka, akachimba shimo kwa sepetu yake, akaipapasa theluji tabaka kwa tabaka kuona imeshikana vipi. Nikamsogelea.

"Unasemaje?" nikamuuliza.

"Siipendi."

"Tulale hapa basi."

"Na nini, Orrin? Na hii mikate miwili iliyobaki? Jioni itakuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na yule bwana soksi zake zimelowa. Na upepo hauachi. Kila dakika tunayobishana inaongeza mzigo kule juu."

Nikatazama kulia na kushoto. Njia nyingine hakuna. Akawaambia wageni kwamba atavuka yeye kwanza, peke yake, wengine wabaki kwenye miti. Akifika ng'ambo atainua mkono, ndipo avuke wa pili. Hakuna kufuatana, hata mtu akikwama, hata akilia. Bi. Kowal akauliza kwa nini atangulie yeye.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyewaleta," Nedra akasema, akabonyeza mafuta.

Nilimhesabia mita. Mia moja. Mia na hamsini. Alikuwa amesimama juu ya pikipiki, magoti yamekunjwa kidogo, anaenda kwa mwendo mmoja bila papara. Alishavuka nusu na zaidi. Nikaanza hata kuvuta pumzi. Ndipo nikasikia mlima unakohoa, kitu kizito cha chini kwa chini, na juu kule mstari ukachoreka kutoka mwamba hadi mwamba. Mteremko mzima ukaanza kutembea.

Aliuona. Alifungua mafuta yote, pikipiki ikanyanyua pua, nikadhani ataponea chupuchupu. Halafu wimbi likamfika na sikumwona tena. Vumbi jeupe likatufunika mpaka kwenye miti. Lilipotulia, palikuwa na lundo la mabonge ya theluji chini ya bonde, na kimya, na mkia wa pikipiki yake ukiwa umechomoza katikati.

Nilipiga kelele jinsi nilivyofundishwa na nilivyowafundisha wengine miaka yote hiyo. "Geuzeni vifaa! Vyote kwenye kutafuta! Sasa hivi!" Nikawaona wakifungua makoti. Nikachukua sepetu na ile fimbo ndefu ya kuchomea theluji, nikakimbilia mkia wa pikipiki. Akili yangu ilikuwa imeganda kwenye kitu kimoja tu: pikipiki ipo pale, basi Nedra yupo pale.

Nikaanza kuchimba. Theluji ya poromoko si ile laini unayoifikiria, inashikana kama saruji. Bi. Kowal akaja nyuma yangu ameshika kifaa chake kwa mikono miwili, mumewe naye upande wa pili.

"Ishara ipo!" akasema. "Mita sita. Nne. Mbili. Ni hapo hapo unapochimba!"

"Moja," mumewe akasema. "Hata moja haifiki!"

Nikachimba kama mwendawazimu. Nikalifikia kanyagio la pikipiki, nikaufikia ubavu wake, hakuna mtu. Nikachoma fimbo kulia, nikachoma kushoto, ikagonga chuma, ikagonga ardhi. Dakika nne zimekwenda. Jasho linanitiririka machoni.

"Namba zinabadilika," Bi. Kowal akasema. "Ilikuwa nusu mita, sasa mita na nusu."

"Shika vizuri, daktari! Mkono unakutetemeka!"

"Mkono wangu hautetemeki, bwana. Kazi yangu ni kuchimba meno ya watu."

"Basi hicho kifaa kibovu! Sogea, unaniziba!"

Nilimfokea mama wa watu maneno ambayo siyarudii hapa. Alisimama palepale, akaniangalia mimi, akaangalia kioo, akaniangalia tena.

"Bwana Beck," akasema, "hebu piga hatua tatu kushoto."

"Nini?"

"Hatua tatu tu. Nakuomba."

Nikapiga, sijui kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwambia fungua mdomo. Akatazama kioo.

"Ni wewe," akasema.

Nikaingiza mkono kifuani, chini ya koti, na kifaa changu kilikuwa kinatuma. Niliamuru kila mtu ageuze chake, changu sikukigusa. Dakika zote zile walikuwa wananitafuta mimi, na mimi nilikuwa ninachimba chini ya miguu yangu mwenyewe.

Nikakigeuza. Vifaa vyetu vyote vikanyamaza, kisha vikalia upya, na mshale wa kwenye kioo ukaelekea upande mwingine, juu ya mteremko. Mita saba. Tukazipanda hizo mita saba tukitambaa. Bi. Kowal akapiga magoti akasema, "Moja na robo, haishuki zaidi." Nikachoma fimbo. Mara ya tatu ikagusa kitu kilichobonyea, na hicho ukikigusa huna haja ya kuambiwa. Tukachimba wote, wageni kwa sepetu, mimi mwishoni kwa mikono. Kofia ya chuma ikatokea. Uso wake ulikuwa wa rangi ya wino, theluji imemjaa mdomoni. Nikaitoa kwa vidole. Bi. Kowal akamsukuma kichwa nyuma akampulizia, mara moja, mara mbili. Mara ya tano Nedra akakohoa.

Kwa saa ya Bi. Kowal ilikuwa dakika kumi na mbili.

Siku ya tatu, hospitali ilipomruhusu, nilikwenda kwake. Alikuwa jikoni, mbavu zimefungwa, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni, anamwaga kahawa kwa mkono wa kulia na kukataa kusaidiwa. Niliketi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumweleza, maana wageni walikuwa wamekwishaondoka na hakuna mtu mjini aliyejua.

"Nedra, kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu."

"Nililisikia," akasema.

"Nani kakwambia?"

Akaketi polepole, akishika ubavu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wewe. Chini kule mtu anasikia kila kitu, Orrin. Walio juu ndio hawakusikii. Nilikusikia ukichimba. Nilimsikia yule mama akisema namba zinabadilika, nikakusikia unavyomtukana." Akaweka kikombe mezani. "Nikaelewa hapo hapo. Nikawa nakuita. 'Ni chako, Orrin. Kigeuze. Ni chako.' Nilikwambia hivyo mpaka pumzi ikaniishia."

Nililia mbele yake, mzee mzima, kikombe kikiwa mkononi, na hakuninyamazisha.