Nilitoboa air cleaner ya Pijo, nikaenda nayo ukweni Moi's Bridge

Wakuu, salamu huko mliko. Mabishano yenu ya air intake, njia ya hewa kuingia kwa injini, nimeyasoma kimya kimya wiki nzima, sasa mniruhusu mzee niingie. Nitasema vile ilikuwa, hata pale nilipoaibika sitaruka.

Ilikuwa miaka ya themanini, enzi za chama kimoja. Nilikuwa mwalimu wa sayansi hapa Eldoret, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na nilikuwa na Peugeot 404 kuukuu. Pijo. Siku hizo mwalimu mwenye Pijo alijulikana mji mzima, msione hivi!

Shida ilikuwa mlima. Kupanda Timboroa gari ilihema vibaya sana.

Nikajiambia, si mimi ndiye mwalimu wa sayansi? Huku juu hewa ni nyepesi, basi niongezee injini hewa.

Nikatoa filter nikatupa. Nikatoboa kikopo cha air cleaner, nikaunga bomba nene la plastiki hadi chini ya bampa ya mbele.

Weee! Hiyo sauti! Gari ilinguruma hadi mbwa wakakimbia. Nikasema hii sasa ni performance.

Kiprop, mwalimu mwenzangu, alikuwa amenipimia na saa yake nikipanda Timboroa kabla ya kutoboa. Tukarudia. Akaangalia saa.

"Mwalimu, umechelewa na nusu dakika."

Nikamwambia saa yake ni mbovu. Kusema kweli sikutaka kusikia.

Sasa, kulikuwa na msichana anaitwa Jepkosgei. Nilimpenda, wakuu, hadi chakula hakipiti. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi Moi's Bridge na hakuwa na hakika na mimi. Alikubali tuje mara moja tu, na siku hiyo hiyo atoe jibu.

Nikaenda na mjomba wangu na Kiprop. Ilikuwa msimu wa mavuno, mashine ya kupukuchua mahindi inapiga kazi pale bomani, makapi yamejaa njia nzima.

Mtu na akili yake angeingia polepole. Mimi nikakanyaga mafuta ndio wasikie bwana harusi amefika.

Bomba nalo liko chini pale, linavuta kila kitu. Gari ikakohoa mara mbili, ikazima mbele ya wazee wote.

Mzee, baba yake Jepkosgei, akaja mwenyewe. Akafungua boneti, akang'oa bomba, akatoa makapi mkono mzima.

"Mwalimu, umekuja kuchukua msichana ama mahindi yangu?"

Watu walicheka! Mjomba akabaki anaangalia viatu vyake.

Lakini Mzee hakucheka.

"Nani alitoboa hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana."

"Na sasa inakimbia zaidi?"

Kiprop akaniangalia, saa iko mkononi. Jepkosgei alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni. Ningeweza kudanganya, na nani angejua?

"Hapana, Mzee. Ni kelele tu imeongezeka. Kiprop alinipimia, mimi nikasingizia saa yake."

Akapangusa mikono kwa suruali, pole pole kabisa. Halafu akageukia jikoni.

"Huyu akikosa anasema amekosa. Mleteeni mursik."

Wakuu, mursik ni maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, na mchumba akipewa ndio amekubaliwa. Sijawahi kunywa maziwa matamu kama yale.

Funzo langu ni hili. Gari ya kabureta imepimiwa hewa na mafuta pamoja. Ukiongeza hewa peke yake, mafuta hayalingani nayo na nguvu inapungua. Ukitoa filter, unalisha injini vumbi, na ukiwa na bahati yangu, makapi. Fundi aliniwekea air cleaner nyingine na Pijo ikaendelea kuhema Timboroa kama kawaida. Nilizoea.

Jepkosgei ni mama watoto hadi leo. Nikianza kujisifu hapa nyumbani, haniambii ninyamaze. Anauliza tu, "Kiprop amepima?"

Haya, nyinyi mnaosema intake zenu zinafanya kazi, semeni hapa chini: mlipima na saa ama na masikio?