Lebo ya Babu Colin

Enzi zetu, sisi watoto wa korona, tulijua kukaa ndani. Hawa wa siku hizi intaneti ikikatika dakika tano wanataka kupelekwa kwa daktari. Sisi hapa Toongabbie, mtaa wetu wa ugenini, tulisomea jikoni, shati la shule juu na pajama chini, harufu ya iliki ikipanda kutoka kwenye karai la mama. Kila kilichoingia nyumbani kilioshwa kwa maji ya moto na sabuni: ndizi, barua, hata mkate ndani ya mfuko wake. Niliuliza kama virusi vinakula mkate. Mama akasema, "Na maswali yako nitayaosha."

Jirani yetu Babu Colin aliishi peke yake, na mama alimpitishia mandazi juu ya uzio. Siku moja naye akatuletea malimau ndani ya boksi kuukuu, la kwanza lililomjia mkononi. Mama akalisugua, akalianika, akalirudisha limejaa mandazi, kwani kwetu Burundi chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Babu Colin akarudi uzioni, barakoa kidevuni, uso umempauka. Lile lilikuwa boksi la rivolva yake ya kizamani. Silaha yenyewe ilifungiwa kwenye sefu, kama sheria inavyotaka. Boksi halina sheria, likakaa jikoni. Alitaka kuiuza ahamie kwa binti yake Perth, upande wa pili wa nchi, mipaka ya majimbo ikifunguliwa. Bila boksi na lebo yake ya kiwandani, bei ingeporomoka.

"Mwambie babu anisamehe," mama akaniagiza, "ila boksi lilikuwa chafu kweli."

Bahati nzuri lebo ilikuwa imebanduka nzima, ikakaukia kwenye sinki letu. Nikapendekeza tuigundishe.

"Ukiigundisha wewe, ni bandia," akasema Babu Colin.

Nikamuuliza kinachouzwa hasa ni bastola au karatasi. Akajibu kuwa bastola kama ile zipo tele. Adimu ni maboksi, kwani watu waliyatupa.

Babu alikuwa amepata mnunuzi mtandaoni, naye alipopigiwa kwa video hakutaka hata kuiona silaha. Aliomba aonyeshwe lebo, mbele na nyuma, kisha mandazi. Kumbe alikuwa na rivolva ya aina ileile, na boksi lake, amekosa lebo tu. Akainunua lebo peke yake, kwa bei ya kumfikisha babu Perth. Angeigundisha mwenyewe, na hapo ingekuwa ya asili. Nimemaliza chuo kikuu na bado sijaelewa tofauti ya gundi.

Rivolva ilichukuliwa na muuza silaha mwenye leseni kwa bei ya kutupa. Mipaka ikafunguliwa, na mama akamkumbatia Babu Colin kwa mara ya kwanza, siku aliyoondoka.

Sasa pale wanaishi vijana. Kila wiki wanajaza maboksi mapya kwenye pipa la taka. Najua televisheni yao ni inchi ngapi na friji yao imetengenezwa wapi. Majina yao siyajui.