Ringi za Marehemu

Shemeji yangu ni fundi wa matairi, mtaa mzima unamwita Pancha. Mama yake, ambaye kumbukumbu zimempotea, alibaki na hamu moja tu: kutembezwa na gari la marehemu mumewe. Gari lenyewe lilikaa juu ya matofali miaka nenda, miaka rudi, na tyubu za saizi yake hazipatikani tena. Pancha akazivalisha ringi zilezile za chuma matairi yasiyotumia tyubu. Yakashika upepo, akachekelea.

Si angekomea hapo! Sifa zikamponza. Alizivua ringi, akazisugua kutu mpaka zikang'aa kama sahani mpya, ili mama apande gari la heshima. Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa ikiziba mianya ya ribiti, zile pini za chuma zinazounganisha vipande vya ringi. Alipozirudisha, akajaza upepo na kupaka maji ya sabuni kuona kama zinavuja, povu lilichemka kwenye kila ribiti.

"Tafuta ringi nyingine!" nikafoka.

"Mama atajua si za baba."

"Mama hakujui hata wewe!"

Mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, na gari linakaa chini taratibu. Pancha akachukua mpira wa upepo, akajaza tairi moja, akahamia jingine, akazunguka yote, akarudi kwenye la kwanza. Lilikuwa limelala tena.

"Mume wangu, tumefika?" mama akauliza dirishani.

Pancha hakuinua uso.

"Bado kidogo, mke wangu," akasema, akaendelea kujaza.